Mahari ya Asya Haipiti kwa Ami

Watu wa Chokocho husema Asya binti Shaame anapenda pesa. Waongo. Asya anapenda pesa yake, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninaposimulia habari zake hakosi mtu wa kuguna pembeni, na mimi nikiguniwa hasira hunipanda hata nikasahau nilipofika.

Mimi ni Ruweida, wakala wa pesa za simu. Nina kibanda cha mbao kwenye njia ya kuteremkia pwani: meza, kiti, simu mbili za kazi na daftari. Anayetaka kuweka pesa huja kwangu, anayetaka kutoa huja kwangu, na anayetaka kujua jirani yake katoa kiasi gani huja pia, ila huyo huondoka na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Asya ni mteja wangu, na kabla ya hapo ni mwenzangu wa chuoni. Tulisoma juzuu ya kwanza pamoja na tulichapwa pamoja.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mfupi, mwenye vidole vilivyochanikachanika kwa kamba za mwani. Maji yakipwa sana, yuko baharini kwenye shamba lake la mwani. Maji yakijaa, yuko juu anaanika. Mwani ukiwa bado haujakomaa, huenda mwambani kutafuta pweza. Sijapata kumuona amekaa bure, na akikaa basi anasuka ukili.

Na ana sheria zake za pesa, ambazo wanaume wa pwani wanazijua kuliko namba za simu za wake zao. Pweza humuuza kwa taslimu tu. Mchuuzi mmoja aliwahi kumwambia, "Dada Asya, nipe pweza, pesa n'takurushia jioni." Asya akamrudisha pweza kwenye kikapu, akasema, "Basi na pweza n'takurushia jioni." Toka siku hiyo wachuuzi huja na noti mkononi.

Mkopo wa simu hataki hata kuusikia. Ule ujumbe wa kusema umestahili kukopa elfu hamsini ukiingia, huufuta huku akisoma audhubillahi. Riba ni haramu, hilo kila mtu analijua, hata wale wanaokopa. Lakini yeye ana hoja yake ya pili. Huchukua kwa mkopo dukani kwa Kumail, Mkoani, kamba na mchele na sabuni, naye Kumail huandika kwenye daftari bila kuongeza hata thumuni. Nilipomuuliza tofauti iko wapi, akanijibu, "Deni la Kumail lina uso. Baba alipokufa kaja hapa, kakaa nkekani na watu, kala hitima na siye, na hakututajia deni la baba mpaka mama katoka eda. Simu itakuja kunizika?"

Pesa ya mwani ni habari nyingine. Kampuni inayonunua hulipa kwa simu, kila mzani, yaani kila mwani unapopimwa. Wanawake wengi wakishalipwa huja mbio kwangu kutoa yote siku ile ile, kwa sababu pesa isiyoonekana haiaminiki. Asya haji. Huziacha humo humo, mwezi wa kwanza, wa pili, wa kumi. Hilo ndilo lililowafanya watu waseme anapenda pesa, na hao wanaosema hawajui aliyoyapitia.

Aliolewa kwanza akiwa na miaka kumi na minane. Mahari ilikuwa laki tatu taslimu, ndani ya bahasha, juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Bahasha ilitoka kwa bwana harusi ikaenda kwa mshenga, kwa mshenga ikaenda kwa ami yake Abdulnasir, ambaye ndiye walii wa kumuoza kwa kuwa Mzee Shaame, baba yake, alikuwa kesha fariki. Kutoka kwa ami haikwenda popote. Asya alipoulizwa kama ameridhia, alinyamaza, maana mwanamwali akinyamaza kimya chake ni ridhaa, ndivyo tulivyofunzwa. Mwezi uliofuata Ami Abdulnasir aliezeka nyumba yake mabati mapya. Miaka sita baadaye Asya akapewa talaka, akarudi Chokocho na mfuko wa nguo. Kitanda alichokuwa akilalia kilikuwa cha mumewe, na mahari ambayo ingemnunulia chake ilikuwa juu ya paa la ami yake.

Akaanza upya. Kwanza aliweka pesa kwenye kibubu, uvunguni mwa kitanda. Katika nyumba ile ya ukoo, ambayo ami ndiye mkubwa wake, kibubu kilivunjwa mara mbili, mara moja kwa sababu ya mgonjwa na mara moja kwa sababu ya sherehe. Kila mara aliambiwa atarudishiwa. Ndipo kampuni ya mwani ilipokuja na habari za kulipa kwa simu, na Asya akafurahi, maana simu haina uvungu.

Lakini hakuwa na kitambulisho. Hakuwa hata na cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, na aliyemzalisha hakujua kuandika. Basi laini ikasajiliwa kwa kitambulisho cha ami. Wangapi hapa kisiwani laini zao zina majina ya kaka zao, waume zao, watoto wao? Ni wengi, na hakuna anayeona ubaya wake. Mimi mwenyewe niliona, kila Asya alipoweka pesa simu yangu ilionesha jina la Abdulnasir, na sikusema neno. Hilo nalijutia hadi leo.

Kwa miaka miwili alikusanya laki nane na elfu hamsini. Alitaka kununua kiwanja kidogo nyuma ya skuli, ajenge chumba kimoja na choo, ahame. Asubuhi moja akaja kibandani na simu mkononi, haina mtandao. Nikaitoa laini, nikaifuta, nikairudisha. Wapi. Nikapiga kwa wahudumu, nao wakasema namba hiyo inafanya kazi vizuri, mwenyewe amekuja jana mjini akapewa laini mpya baada ya kupoteza ya zamani. Mwenyewe! Asya hakulia. Aliniomba maji, akanywa, akaenda kwa ami yake, nami nikafunga kibanda nikamfuata.

Ami Abdulnasir alikuwa barazani anakunywa kahawa. Hakukataa kwamba kazitoa pesa zote, mwanamume yule si mwoga wa kusema. Mwanawe alikuwa anaoa, na gharama zilikuwa zimemzidi.

"Laini ina jina la nani?" akamuuliza Asya.

"Lako, Ami. Lakini pesa yangu."

"Kyenye jina langu ni kyangu. N'kakulisha toka baba'ako kafa, sikukuandikia hesabu. Na weye usiniandikie."

Tulikwenda kwa sheha, mkuu wa serikali hapa kwetu. Sheha akasikitika sana, akatazama karatasi, karatasi ikasema laini ni ya Abdulnasir. Tukarudi. Nakubali kwamba ami alimlisha, sitaki kumdhulumu mtu katika maneno. Lakini wali wa mtoto yatima haugharimu laki nane na elfu hamsini na mabati ya nyumba nzima.

Usiku ule mwenzangu angeweza kurudi kwenye kibubu, au kutoa pesa yote kila mzani kama wengine. Kumbe alikuwa kesha fahamu kitu ambacho mimi, na uwakala wangu wote, sikukifahamu. Taslimu yake iliponyoka kwa sababu ilipita mkononi mwa ami, na ya simu ikaponyoka kwa sababu ilikaa katika jina la ami. Akaniambia, "Ruweida, miye sitafuti tena pa kuweka. Natafuta jina langu." Na akaanza kulitafuta.

Ilimchukua miezi saba. Alikwenda kwa sheha kutaka barua, akatafuta wazee wawili wa kushuhudia kwamba amezaliwa, jambo ambalo lilimkera sana, akawaambia, "Nimesimama mbele yenu, mwataka ushahidi gani tena?" Akaenda Mkoani mara tano, kila safari nauli ya pweza wawili. Alipokipata kitambulisho alikileta kibandani, akakiweka mezani. Picha yake imekunja uso kama anayetaka kupigana na mpiga picha. Siku hiyo hiyo akasajili laini mpya, na nilipomwekea elfu moja ya kujaribia, simu yangu ikaandika ASYA SHAAME. Tuliangalia ile elfu moja sote wawili kwa muda.

Sasa ndiyo tufike kwenye harusi, ambayo watu wanaisimulia vibaya.

Hafidh ni mtu wa Ole, mkulima wa muhogo, mwenye mikarafuu michache aliyoachiwa na babake. Mkewe alifariki. Alimuona Asya dukani kwa Kumail akibishana juu ya bei ya kamba, akampenda hapo hapo. Wanaume wa namna hiyo wapo, Mungu awazidishe. Akaleta posa, Asya akakubali, mahari ikasimama kwenye milioni moja na nusu. Ndipo Asya alipopeleka sharti lake kwa wazee: mahari itumwe kwenye simu yake, kwa namba yenye jina lake, na iwe imeshamfikia kabla hajaulizwa ridhaa.

Ami Abdulnasir akawaka. "Harusi ya mtandao! Tutawalisha na wageni kwa mtandao?"

Wazee wakaenda kumuuliza Shehe Hudhaifa, imamu wetu. Shehe akasema mahari ni haki ya mwanamke, na ikimfikia kwa mkono, kwa punda au kwa simu, imemfikia. Ami akanyamaza. Mimi kimya kile sikukipenda, nikamwambia Asya, naye akasema, "N'nakijua."

Siku ya harusi, mchana baada ya sala ya Ijumaa, wanaume walikaa ukumbini mwa nyumba ya ukoo na sisi wanawake tulikuwa chumbani na bibi harusi, pazia tu katikati. Asya amekaa kitandani, kajifunika leso mpya, hina hadi viwikoni. Chini ya leso ana simu. Mimi nilikuwa pembeni yake na mkoba wangu, na ndani ya mkoba simu ya kazi, kwa sababu wakala haachi simu ya kazi hata akienda harusini.

Shehe Hudhaifa akaja mlangoni na mashahidi wawili. Akatoa salamu, akasema, "Asya binti Shaame, ami yako Abdulnasir anataka kukuoza kwa Hafidh, kwa mahari ya shilingi milioni moja na nusu, taslimu, zimeshapokewa. Umeridhia?"

Asya akaitazama simu. Hakuna kitu. Akanitazama mimi. Na mimi sina kitu.

"Zimepokewa na nani, Shehe?"

Bibi harusi haulizi maswali. Shehe akakohoa. "Na walii wako."

"Basi aolewe yeye."

Kuna mwanamke alicheka nyuma yangu, akajiziba mdomo. Shangazi yake Asya akapiga mkono sakafuni. "Ewe ntoto! Watutia aibu mbele ya watu!"

"Aibu n'katiwa miye zamani, Shangazi, na hamkusema. Leo naitoa."

Nikachungulia kwenye pazia, nikamsikia Hafidh akieleza, na yote yakajulikana pale pale. Jana yake Ami Abdulnasir alimpigia simu Hafidh, akamwambia Asya kaghairi, alete taslimu, mkono kwa mkono. Na Hafidh akaenda akazitoa zote, akazitia kwenye bahasha, akaja akampa. Hakumpigia Asya kuuliza. Mkwe hamuulizi walii mara mbili, huo ndio ustaarabu wetu wa Pemba, na siku ile ustaarabu wetu ulitaka kutuharibia harusi.

Shehe akarudi kwa Asya kwa upole. Mwanamke aliyekwisha kuolewa, kimya chake hakitoshi. Lazima aseme kwa ulimi wake, na Shehe alikuwa anaungoja ulimi huo mbele ya ukumbi mzima uliokuwa unasikia.

"Mahari ni haki ya nani, Shehe?"

"Yako, mwanangu."

"Imo mfukoni mwa nani?"

Shehe akageuza uso upande wa ukumbini.

"Sijaridhia," akasema Asya. Alimtaka Hafidh. Usiku wa kuamkia siku ile aliniambia amechoka kulala nyumba ya watu. Na alijua kwamba bwana harusi akiondoka ukumbini, hakuna atakayemposa tena Chokocho wala Mkoani wala popote.

Huko nje ndugu zake Hafidh walikuwa wamesimama. "Twendeni zetu," mmoja akasema. "Nke wa kutuuliza maswali kabla hajaolewa, akiolewa je?" Hafidh hakusimama. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa dakika ile nilimchukia, nikidhani anaona haya kwa ajili yetu. Kumbe alikuwa anaona haya kwa ajili yake mwenyewe. Akainua kichwa.

"Ami, n'kakuamini. Nipe bahasha."

"Kilichopokewa hakirudi!" Ami Abdulnasir akajibu. "Na huo wali n'nunue kwa pesa gani?"

Shehe Hudhaifa ni mtu mpole, watoto humpanda mgongoni akisubiri sala. Lakini pale alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Abdulnasir, hukuwakilishwa kupokea. Weka bahasha nkekani. Ama sivyo naandika barua sasa hivi, Asya aende nayo kwa kadhi, kadhi amuoze bila ya weye."

Kuondolewa uwalii mbele ya watu wa Ole! Bahasha ikatoka mfukoni. Shehe akaisukuma chini ya pazia hadi kwangu. Nikahesabu, ndiyo kazi yangu, na mkono wangu una uzoefu: milioni moja na laki nne. Nikahesabu tena.

"Imepungua laki," nikasema kwa sauti.

Ami akasema alimpa mwenye mbuzi. Hafidh akatia mkono mfukoni mwake aongeze, na mashahidi wakashukuru Mungu. Lakini Asya akasema, "La. Atoe aliyepunguza."

"Asya," nikamnong'oneza, "laki moja tu."

"Na mabati n'kaambiwa ni mabati tu."

Tukangoja. Wali ulikuwa unapoa na watoto walikuwa wanalia njaa. Ami Abdulnasir alimtuma mtu kwake, mtu akarudi na noti zilizokunjwakunjwa, zikapita chini ya pazia. Nikahesabu. Zimetimia.

Asya angeweza kuzishika pale pale akazitia kifuani. Nilimuuliza kama anataka hivyo. Akatikisa kichwa, maana alijua kwamba noti zikilala nyumba ile usiku mmoja, asubuhi zitakuwa za wapishi, za turubai na za mgonjwa fulani. Basi nikazitia noti mkobani, nikatoa simu ya kazi. Nikaandika namba yake, nikaandika milioni moja na nusu, na kabla sijathibitisha Shehe akauliza nyuma ya pazia, "Linasoma jina la nani?"

"Asya Shaame," nikasoma.

"Soma kwa nguvu, wote wasikie."

Nikasoma kwa nguvu, na nakiri nilipaza zaidi ya ilivyotakiwa. Nikathibitisha. Simu iliyo chini ya leso ikalia. Asya akaitoa, akausoma ujumbe wote, tangu mwanzo hadi kwenye salio, akaufunga.

"Nimeridhia," akasema.

Shehe akarudi ukumbini. Akamshikisha Ami Abdulnasir mkono wa Hafidh, akamwambia maneno ya kuoza, neno kwa neno, ayafuatishe. Na humo akatia maneno ambayo hayakuwa yakitumika kwenye harusi zetu. Ami akayasema kwa kuyameza, macho yapo mkekani: amemuoza Hafidh binti wa nduguye, Asya, kwa mahari ya milioni moja na nusu, zilizomfikia mwenyewe.

Hafidh akafungua mdomo kukubali. Lakini kabla hajatamka, sauti ikatoka nyuma ya pazia, si kali wala haina haraka.

"Ami, hapo mwisho sikusikia."

Shehe hakumkemea. Hafidh akafunga mdomo, akangoja, mkono wake bado umo mkononi mwa ami. Ukumbi mzima ukamtazama Abdulnasir.

Akarudia.